Jozi Mbili kwa Bei ya Moja

Likizo ya baridi, Jumanne, hasi ishirini na mbili.
Jua lilichungulia tu, kama jirani
aliyekuja kuazima chumvi na hataki kuketi.

Tuliegesha pikipiki za theluji nje ya duka pale Ivalo,
tatu, pua zikielekea ukutani.
Tuire keshaingia, keshapotea
kati ya mapazia na viberiti.
Mimi nilifuata plagi moja tu ya injini.
Nikatoka na plagi, na birika, na jamu ya beri za manjano,
na mshumaa wenye harufu isiyojulikana.
"Mdalasini," kasema Oula.
"Dawa ya kikohozi," kasema Tuire.
Tukabishana hadi kwa keshia.

Raili alikuwa amesimama penye soksi.
Za sufu, nene, kijivu, mstari mwekundu shingoni,
jozi mbili kwa bei ya moja.
Akazigeuza, akazipima kwa kiganja, akazitia kapuni:
namba arobaini na tano.
Nikatazama buti zake. Thelathini na saba.
Nikatazama dari.

Armas tulimzika Oktoba,
siku chache kabla udongo haujaganda.

Mazoea yana mikono yake,
hayangoji ruhusa ya kichwa.
Keshia akauliza, "Nikupe mfuko?"
Raili akasema hapana,
akafungua koti, akazitia kifuani.

Halafu ziwa!
Kilomita thelathini za weupe mtupu
na mngurumo unaopanda kutoka magotini hadi kwenye magego.
Oula mbele, anarusha theluji nyuma kama kuku anayechakura.
Tuire anaimba, naona mabega yake tu yakicheza;
wimbo wenyewe umemezwa na helmeti.
Raili nyuma yangu, kanishika kiuno.
Pikipiki ya Armas ingali ghalani chini ya turubai,
na ufunguo ulipo anapajua yeye.

Karibu na kisiwa, theluji ilitudanganya.
Chini yake maji, juu ya barafu,
yamejificha kama deni.
"Usizime!" Oula akapiga kelele.
Nilikuwa nimeshazima.
Nikashuka, nikazama hadi muundini,
buti likanywa likashiba.
Tukafunga kamba, tukavuta, tukatukana,
tukavuta tena, tukacheka hadi tukaishiwa nguvu,
tukavuta. Likatoka, lidude lile,
likitiririka kama nyati aliyetoka kuogelea.

Kisiwani, moto wa msonobari mkavu.
Birika jipya, kibandiko cha bei kikaungua wa kwanza.
Mkate, jamu iliyopakwa kwa bisibisi.
Tuire akawasha mshumaa wake mchana kweupe
ili kesi iishe. Haikuisha.
Na mimi kimya, maana vidole vyangu vya miguu
vilikuwa vimeshakuwa vya mtu mwingine.

Raili akavuta zipu.
Soksi zikatoka na joto lake.
"Vaa."
"Raili, hizi si..."
"Vaa. Una miguu mipana kama yake,
nilikuwa nikimwambia kila siku, mnavunja ngazi zangu."
Akacheka. Kicheko kifupi, kikavu,
kama kijiti kinachovunjwa ili kiingie motoni.
Akapiga magoti thelujini, akanivalisha
kama unavyomvalisha mtoto aliyechelewa shule,
akavuta mstari mwekundu ukakaa sawa,
akapiga kisigino changu kofi moja: tayari.
Mfuko wa mkate ukaingia kati ya sufu na buti bichi.
Oula akajifanya anakagua mnyororo usio na kasoro.

Saa kumi na nusu giza lilikuwa bluu.
Nikawasha injini, ikaitika mara ya kwanza.
Nyuma yangu nikasikia zipu ikipanda polepole
hadi kidevuni.
Jozi ya pili hakunipa.
Njia nzima nilihisi mgongoni
kile kivimbe laini, katikati yetu,
na sikuendesha kwa kasi.